Mche wa stroberi: Safari ndefu kutoka chupa ya maabara hadi shambani

Na Mwandishi Wetu

STROBERI, tunda dogo jekundu ambalo zamani lilionekana kuwa la wageni na hoteli kubwa, siku hizi limezoeleka katika maduka ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Hupangwa katika vikasha vya plastiki na kuuzwa kwa bei ambayo wengi bado huiona kuwa ya anasa.

Mlaji anapolinunua hutazama rangi, harufu na bei yake. Ni wachache wanaojiuliza mche uliolizaa ulitoka wapi.

Hata hivyo, swali hilo ndilo linaloamua kama mkulima wa Limuru au Lushoto atavuna faida au atakula hasara. Baadhi ya magonjwa mabaya kabisa ya stroberi hayamvamii mkulima kwa upepo wala kwa mvua, bali huingia shambani yakiwa ndani ya mche alioununua kwa fedha zake mwenyewe.

Ni kwa sababu hiyo nchi zinazolima stroberi kwa wingi zimeikabidhi maabara kazi ya kuanzisha uzao wa mimea hiyo. Utaalamu unaotumika huitwa ukuzaji wa tishu, na wakulima wengi wa migomba wa Afrika Mashariki wanaufahamu kwa jina la tishu kalcha.

Sifa ambayo hutajwa kwanza juu ya utaalamu huo ni wingi wa miche unaoweza kutoa. Lakini historia yake katika zao la stroberi inaonyesha kuwa wingi huo, usipodhibitiwa, unaweza kuwa mtego, na kwamba kitu cha thamani kinachotoka maabara ni mche mmoja msafi ambao ukoo wake unajulikana.

Kwa nini mbegu haifai

Vitone vidogo vinavyoonekana juu ya ngozi ya stroberi ndivyo vyenye mbegu. Kitaalamu, kila kitone ni tunda kamili lenye mbegu moja ndani yake, na ile nyama tamu tunayoila ni kitako cha ua kilichovimba.

Mbegu hizo huota zikitunzwa. Tatizo ni kwamba mche unaotokana nazo haufanani na mama yake. Stroberi ya bustani ina seti nane za kromosomu, jumla yake 56, ilhali binadamu ana seti mbili tu. Kwa hiyo kila mbegu hupata mgawo wake wa urithi, na mimea mia moja iliyooteshwa kwa mbegu za tunda moja inaweza kutoa matunda ya sura, ukubwa na ladha tofauti tofauti.

Tunda lenyewe ni matokeo ya mchanganyiko wa namna hiyo. Mwaka 1714, mhandisi wa kijeshi wa Ufaransa aliyeitwa Amédée-François Frézier alirejea nyumbani kutoka Chile akiwa na miche michache ya stroberi yenye matunda makubwa. Huko Ulaya miche hiyo ilipandwa jirani na stroberi nyingine iliyotoka Amerika Kaskazini, na chavua zao zikakutana. Mwaka 1766, Mfaransa mwingine, Antoine Nicolas Duchesne, alieleza kuwa stroberi mpya ya bustani ilikuwa chotara wa hizo mbili.

Ingawa siku hizi zipo aina chache za kisasa zinazouzwa kwa mbegu, sehemu kubwa ya stroberi duniani huendelezwa kwa mwili wa mmea wenyewe. Mmea huo hutoa marando yanayotambaa juu ya udongo mfano wa yale ya viazi vitamu. Kwenye kifundo cha rando huchipua majani na mizizi, na baada ya wiki chache mche mdogo unaweza kukatwa na kuhamishwa.

Mche huo ni nakala halisi ya mama yake. Ladha, ukubwa na rangi ya tunda vitakuwa vilevile. Njia hiyo ni rahisi, haihitaji mtambo wowote, na hata mtoto anaweza kufundishwa. Kasoro yake ni moja tu, lakini ni kubwa: nakala hurithi kila kitu, maradhi yakiwamo.

Maradhi yasiyoonekana kwa macho

Stroberi hushambuliwa na virusi vya aina nyingi. Vipo vinavyokunja majani, vipo vinavyoyatia madoa, na vipo vinavyogeuza kingo zake kuwa za njano. Vingi kati ya hivyo huenezwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mimea.

Jambo la kutisha ni kwamba mmea wenye aina moja tu ya virusi mara nyingi hauonyeshi dalili yoyote. Mkulima huuona mzima, akaukatia miche na kumuuzia jirani. Ni pale virusi vya aina mbili au tatu vinapokutana katika mmea mmoja ndipo majani hudumaa na matunda hupungua, na kufikia hapo vimekwisha kusambaa katika mashamba mengi.

Hakuna dawa ya kunyunyizia inayotibu virusi vya mimea. Mkulima anaweza kuua vidukari, lakini virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya mmea hubaki humo na kurithiwa na kila rando.

Zaidi ya virusi, wapo vimelea vingine wanaosafiri na mizizi. Katika miaka ya 1920, wakulima wa Lanarkshire huko Scotland walishuhudia mashamba yao ya stroberi yakidhoofika na kufa. Mizizi ya mimea hiyo ilipopasuliwa, kiini chake kilikuwa chekundu badala ya cheupe. Msababishi wake, Phytophthora fragariae, ni kimelea kinachofanana na kuvu na huweza kuishi udongoni kwa miaka mingi. Akishaingia shambani, ni vigumu mno kumtoa.

Mambo hayo si ya zamani pekee. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mashamba ya Florida nchini Marekani yalikumbwa na ugonjwa wa madoa ya majani na kuoza kwa matunda unaosababishwa na kuvu wa kundi la Neopestalotiopsis. Uchunguzi uliihusisha milipuko ya awali na miche iliyoletwa kutoka kitaluni. Hivyo hata katika nchi yenye wataalamu na vipimo vya kila namna, mche wa kununuliwa unaweza kugeuka mlango wa maafa.

Elimu iliyojengwa hatua kwa hatua

Wazo la kuotesha kipande cha mmea ndani ya chupa si geni. Mwaka 1902, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Gottlieb Haberlandt, alieleza kwamba ingewezekana kukuza seli za mmea nje ya mmea wenyewe. Majaribio yake hayakufanikiwa, kwani seli zake hazikugawanyika, lakini wazo lilibaki.

Mwaka 1952, Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walipata jambo lililobadili kilimo. Walichukua ncha ndogo sana ya chipukizi la ua la dalia lililokuwa na virusi, wakaiotesha katika chakula maalumu, na kupata mmea usio na virusi.

Siri yake ni hii: virusi husambaa ndani ya mmea hasa kwa kupitia mishipa inayosafirisha maji na chakula. Ncha kabisa ya chipukizi haijafikiwa na mishipa hiyo, na seli zake hugawanyika kwa kasi. Kwa hiyo eneo hilo dogo mara nyingi huwa safi hata kama mmea mzima umeambukizwa. Mwaka 1962, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kutumia njia hiyo kwa stroberi mwitu.

Katika mwaka huohuo wa 1962, Toshio Murashige na Folke Skoog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha mchanganyiko wa madini na virutubisho walioubuni wakifanya utafiti wa tumbaku. Hadi leo mchanganyiko huo, unaojulikana kwa herufi za mwanzo za majina yao, MS, ndio unaotumika zaidi katika maabara za aina hiyo duniani.

Kwa upande wa stroberi, mtu anayekumbukwa zaidi ni Philippe Boxus wa kituo cha utafiti cha Gembloux, Ubelgiji. Mwaka 1974 alieleza namna ya kuzalisha miche ya stroberi kwa wingi ndani ya chupa, na vitalu vya Ulaya vikaipokea njia hiyo kwa haraka.

Kinachofanyika ndani ya maabara

Kazi huanza kwa kuchagua mmea mama. Mmea huo lazima uwe wa aina inayojulikana, wenye kuzaa vizuri na usio na dalili za ugonjwa. Mara nyingi huwekwa kwanza katika chumba chenye joto la kati ya nyuzi 36 na 38 za Selsiasi kwa wiki kadhaa. Joto hilo hupunguza kasi ya virusi kuzaliana, huku mmea ukiendelea kukua.

Kisha hukatwa ncha za marando machanga. Ncha hizo huoshwa kwa maji, huchovywa katika spiriti, na kulowekwa kwa dakika chache katika maji yenye sodiamu hipokloraiti, kemikali ileile iliyomo katika dawa za kung'arishia nguo nyeupe. Baada ya hapo husuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyokwisha kuuliwa vijidudu.

Fundi wa maabara hukaa mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, ili vumbi na vijidudu visidondoke juu ya kazi yake. Akitazama kwa hadubini, huondoa majani machanga moja baada ya jingine mpaka aifikie ncha yenyewe. Kipande anachokikata huwa na urefu wa kati ya sehemu mbili na tano za kumi za milimita, yaani karibu sawa na chembe ya chumvi ya mezani.

Ukubwa wa kipande hicho una uzito wake. Kikiwa kikubwa mno, huenda kikabeba virusi. Kikiwa kidogo mno, huenda kisiote kabisa. Mkono wa fundi na uzoefu wake ndivyo vinavyoamua.

Kipande huwekwa ndani ya chupa yenye chakula kilichoganda mfano wa jeli. Chakula hicho kina madini, vitamini na sukari, kwa kawaida gramu 30 katika lita moja. Sukari inahitajika kwa sababu mche mchanga ulio ndani ya chupa hauwezi kujitengenezea chakula cha kutosha kwa mwanga.

Kinachokigandisha ni agari, zao la mwani mwekundu wa baharini. Msomaji wa pwani asiuchanganye mwani huo na ule unaolimwa kwa wingi Zanzibar, ambao hutoa karajini, kigandishi cha namna nyingine kinachotumika zaidi katika vyakula na vipodozi.

Kabla ya kutumika, chakula hicho hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye joto la nyuzi 121 kwa takriban robo saa au zaidi kidogo. Lengo ni kuua kila kiumbe kilichomo. Chembe moja ya kuvu ikiingia katika chupa yenye sukari huota haraka kuliko mche, na ndani ya siku chache chupa nzima huwa imeharibika.

Kitu kingine kinachotiwa ni homoni za mimea. Mwaka 1957, Skoog na mwenzake Carlos Miller walionyesha kuwa uwiano wa homoni mbili ndio unaouamuru mmea uchipue au utoe mizizi. Saitokinini ikizidi, huchipua machipukizi mengi. Oksini ikizidi, hutoka mizizi. Kwa kubadili uwiano huo, fundi anaweza kuufanya mche mmoja uwe kichaka cha machipukizi, kisha akayatenganisha na kuyapa kila moja chupa yake.

Chupa hupangwa kwenye rafu katika chumba chenye joto la nyuzi 22 hadi 25, na taa huwashwa kwa saa 16 kila siku. Baada ya wiki nne hadi sita, machipukizi hukatwa na kugawanywa upya.

Hesabu inayovutia na mtego wake

Tuchukue mfano rahisi. Iwapo kila chipukizi litatoa machipukizi manne kila baada ya wiki tano, baada ya wiki 25 chipukizi moja litakuwa limezaa 1,024. Baada ya wiki 50, idadi itapita milioni moja.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Katika maabara halisi chupa huoza, umeme hukatika, machipukizi mengine hudumaa, na kila mgawanyo huhitaji mkono wa mtu. Mishahara ya mafundi ni miongoni mwa gharama kubwa za kazi hii, na ndiyo sababu mche wa maabara huuzwa ghali kuliko mche wa rando.

Pamoja na hayo, hesabu hiyo iliwavutia wenye vitalu wa Ulaya. Wapo walioanza kuzalisha miche mingi chupani na kuwauzia wakulima moja kwa moja kwa ajili ya kuvuna matunda. Hapo ndipo mtego ulipojitokeza.

Mimea mingi iliyotoka chupani ilikuwa na nguvu za ajabu. Ilitoa marando mengi, mashina mengi na maua mengi kupita kiasi. Kwa mtazamaji ilikuwa neema, lakini matunda yalipokomaa yalikuwa madogo, kwani chakula cha mmea kiligawanywa kwa maua mengi mno.

Watafiti walibaini kuwa sababu kubwa ilikuwa ni saitokinini iliyotumika kwa wingi na kwa muda mrefu, pamoja na kurudiarudia kugawanya machipukizi yaleyale mara nyingi. Aidha, kadiri mgawanyo unavyorudiwa ndivyo uwezekano wa kupata mimea iliyopotoka kutoka asili yake unavyoongezeka.

Tangu wakati huo, kanuni ya vitalu makini imekuwa kupunguza homoni, kuweka kikomo cha idadi ya migawanyo, na kutoutumia mche wa chupani kama mmea wa kuvunia matunda. Kazi yake ni kuwa mama. Hupandwa ili utoe marando, na miche ya marando hayo, au ya kizazi kinachofuata, ndiyo humfikia mkulima. Zile nguvu za kutoa marando mengi, ambazo zingekuwa hasara shambani, kitaluni huwa faida.

Kutoka chupani kwenda udongoni

Kabla ya kuwa mama, mche huo lazima upite kipindi cha hatari. Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu, hakuna jua kali wala upepo. Majani yake hukosa ile nta inayozuia maji kupotea, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Mche ukitolewa ghafla na kuwekwa juani, hunyauka kabla ya jioni.

Kwa hiyo mche huoshwa mizizi ili kuondoa mabaki ya chakula chenye sukari, hupandwa katika udongo mwepesi uliokwisha kuuliwa vijidudu, na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki mahali penye kivuli. Siku za kwanza unyevu huwa mkubwa, kisha mfuniko hufunguliwa kidogo kidogo. Baada ya wiki tatu au nne, majani mapya yenye uwezo wa kuhimili hewa ya nje huwa yametoka.

Baada ya hapo miche huhamishiwa katika banda lililozungushiwa wavu wenye matundu madogo mno, ambao vidukari hawawezi kupita. Humo ndimo hupimwa. Zamani kipimo kilikuwa kupandikiza jani la mche huo kwenye stroberi mwitu iliyo rahisi kudhurika na virusi, kisha kungoja dalili kwa wiki kadhaa. Siku hizi huongezwa vipimo vya vinasaba vinavyotoa majibu kwa muda mfupi.

Kipimo hicho hakiepukiki. Kukata ncha ndogo hakutoi hakika ya usafi, kwani ncha nyingine hubaki na virusi. Mche huitwa msafi baada ya kupimwa, wala si kwa sababu tu umepita chupani.

Katika jimbo la California, linalozalisha karibu asilimia 90 ya stroberi za Marekani, mnyororo huu hufuatwa kwa utaratibu mrefu. Mimea ya asili iliyosafishwa na kupimwa hutunzwa katika mabanda ya wavu, chini ya mpango unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha California, Davis. Kutoka hapo huzidishwa na vitalu vya kibiashara kwa misimu kadhaa, na hatua ya mwisho hufanyika katika maeneo ya kaskazini yenye baridi. Tangu ncha ikatwe hadi mkulima apokee miche yake hupita miaka kadhaa.

Yale ambayo maabara haiwezi

Kuna dhana mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba mche wa tishu umebadilishwa vinasaba. Sivyo. Hakuna jeni ngeni inayoingizwa. Ni nakala ya mama yake kama ilivyo nakala ya rando.

Ya pili ni kwamba mche huo haushikwi na magonjwa. Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi. Usafi si kinga. Mche msafi ukipandwa katika udongo wenye vimelea, au jirani na shamba la zamani lenye vidukari, utaugua kama mwingine.

Vilevile maabara haiondoi kasoro ya kurithi. Aina ya Auchincruive Climax, iliyotolewa Scotland mwaka 1947 na kupendwa sana Uingereza, iliangamizwa katika miaka ya 1950 na tatizo la majani kugeuka njano ambalo asili yake ilikuwa katika urithi wa mmea wenyewe. Kasoro ya namna hiyo haitoki kwa kukata ncha. Inapozidishwa chupani, huzidi pamoja na mche.

Funzo kutoka kwa migomba

Kwa Afrika Mashariki, mambo hayo si ya nadharia. Utaalamu huuhuu umekwisha kutumika katika zao la ndizi. Nchini Kenya, miche ya migomba ya tishu ilianza kusambazwa kwa wakulima wadogo katika miaka ya 1990, ikihusisha taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta.

Mkoani Kagera, Tanzania, kati ya mwaka 1997 na 2002 zililetwa aina bora za migomba zikiwa katika chupa kutoka Leuven, Ubelgiji, ambako kuna hazina kubwa kuliko zote duniani ya aina za migomba iliyohifadhiwa kwa njia hiyo. Faida mojawapo ya chupa ni hiyo ya kuvuka mipaka bila kubeba udongo, minyoo wala fukusi wa mizizi.

Lakini ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na kuonekana Kagera mwaka 2006, ulithibitisha upande wa pili. Migomba iliyotoka maabara haikuwa na kinga dhidi yake. Aliyepanda mche msafi na kuendelea kutumia panga lisilosafishwa alipoteza mche na fedha. Aliyeng'oa migomba iliyougua na kusafisha zana kwanza ndiye aliyenufaika.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Mahitaji ya stroberi mijini yanapoongezeka, maneno "miche ya tishu" yamekuwa ya kibiashara. Huandikwa kwenye mabango na kupandisha bei. Mkulima, au mkazi wa mjini anayetaka kupanda katika makopo nyumbani, anashauriwa aulize mambo yafuatayo kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, aina hiyo inaitwaje na mmea mama ulitoka wapi? Muuzaji asiyejua jina la aina anayoiuza hawezi kujua ukoo wake. Aidha, baadhi ya aina zinalindwa kwa haki za waliozibuni, na kuzizidisha kwa biashara huhitaji kibali chao.

Pili, mche huu ni wa kizazi cha ngapi tangu utoke chupani? Ukiwa umetoka chupani moja kwa moja, unafaa zaidi kuwa mama wa kutoa marando. Ukiwa umepita vizazi vingi katika uwanja wa wazi, jina la tishu limebaki historia tu.

Tatu, ulipimwa magonjwa gani na lini? Neno "safi" bila orodha ya vilivyopimwa halina maana.

Nne, una cheti gani? Nchini Kenya ukaguzi wa afya ya mimea uko chini ya KEPHIS, na nchini Tanzania ubora wa mbegu na miche unasimamiwa na TOSCI. Miche inayoingizwa kutoka nje huhitaji kibali na ukaguzi wa karantini. Kuipitisha mpakani ndani ya mkoba ni kuhatarisha mashamba ya wengine.

Tano, ruhusu nipasue mche mmoja. Mzizi wenye afya huwa na kiini cheupe, na shina fupi la stroberi likikatwa huwa jeupe au la kijani hafifu. Ukiona wekundu au ukahawia ndani, usiinunue shehena hiyo. Kipimo hiki hakioneshi virusi, lakini humwokoa mkulima na mizizi iliyooza.

Mkulima anayepata miche michache iliyo safi kwa hakika anaweza kujijengea kitalu chake. Aitenge mbali na shamba la kuvunia, aifunike kwa wavu, aitumie kwa kukata marando tu na aondoe maua yake. Baada ya misimu michache, airudie upya kwa chanzo safi badala ya kuendelea kukata nakala ya nakala.

Gharama ya kufanya hivyo ipo, na kwa mkulima mdogo si ndogo. Lakini shamba la stroberi likitunzwa katika nyanda za juu huweza kuvunwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na muda wote huo mkulima hulipia maji, mbolea na vibarua. Gharama hizo ni zilezile kwa mche wenye virusi na kwa mche ulio mzima. Kinachotofautiana ni mavuno.